Kabla Hujampa Mgeni Jembe: Mwongozo kwa Waajiri wa Karagwe na Kyerwa

Kahawa ikianza kuiva mwezi Mei, kila mwenye shamba kuanzia Nyaishozi hadi Murongo anahangaika kutafuta watu wa kuchuma. Kahawa haimsubiri mtu. Watoto wako shuleni, vijana wengi wa kijiji wamekwenda mijini au kwenye machimbo ya bati, na migomba nayo inadai palizi na matandazo. Wakati huohuo wanapita vijana kutoka Burundi, Rwanda na Uganda wakiuliza kazi mlango kwa mlango, na bei wanayotaja ni ndogo.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi za mashamba yetu na za machungani imefanywa na vijana hao. Mwongozo huu unakusaidia wewe mwenye kibanja, mwenye ng'ombe, mwenye mashine ya kukoboa au kiongozi wa chama cha msingi kujua nani unaweza kumwajiri, kwa njia gani, na umtendee vipi. Yashike mambo mawili tangu mwanzo: uhalali wa mtu unayemwajiri ni jukumu lako kabla hajagusa jembe, na kazi akishaifanya, malipo yake ni deni lako, awe na karatasi au asiwe nazo.

KWA NINI UJISUMBUE?

Sheria inamgusa mwajiri. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamkataza mtu yeyote kumwajiri asiye raia ambaye hana kibali cha kazi. Haikubagua kampuni kubwa na mkulima wa ekari mbili. Adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi, kifungo, au vyote viwili. Sheria ya Uhamiaji nayo inaadhibu kumsafirisha au kumficha mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria. Ukimpakia kwenye bodaboda yako kutoka njia ya panya hadi shambani, tayari umeingia katika kosa zito zaidi kuliko la kuajiri tu.

Msimu wako unaweza kukatika ghafla. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka. Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondoka, wengine wakiacha mazao shambani na familia zilizochanganya uraia. Mwenye shamba anayewategemea watu wasio na vibali anaweza kubaki peke yake na kahawa mtini.

Kuna mtu mbele yako. Asiye na karatasi hana pa kwenda kulalamika, na wapo waajiri wanaoitumia hofu hiyo: wanamfanyisha kazi msimu mzima, kisha siku ya malipo wanamtishia kumwitia Uhamiaji. Huo ni wizi, na unaweza kuwa kosa la unyonyaji chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Usiwe mmoja wao, na ukimwona jirani akifanya hivyo usinyamaze.

KWANZA: JUA NANI NI MGENI

Makosa mengi huanzia hapa. Wapo wanaomdhania kila anayezungumza lugha inayofanana na Kirundi au Kinyarwanda kuwa si Mtanzania. Wahangaza wa Ngara ni Watanzania. Waha wa Kigoma ni Watanzania. Lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Vilevile mwaka 2014 serikali ilikamilisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia nchini mwaka 1972, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapa. Hao ni raia kama wewe, na hawahitaji kibali cha kazi.

Basi usihukumu kwa lafudhi, kwa urefu wa mtu wala kwa sura yake. Hukumu kwa nyaraka, na pale nyaraka zinapopungua, uliza mamlaka.

*Hatua za kuhakiki:*

1. Omba kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Muulize amezaliwa lini kabla hujaisoma, kisha linganisha.
2. Soma kitambulisho chenyewe, usitazame picha tu. NIDA hutoa pia vitambulisho kwa wageni wakaazi na kwa wakimbizi, kwa hiyo kuwa na kadi ya NIDA si uthibitisho wa uraia.
3. Kama hana kadi, muulize anatoka kijiji gani na kitongoji gani, kisha umwombe barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji chake. Mpigie mtendaji huyo simu mwenyewe. Usipige namba uliyopewa na kibarua pekee. Ipate kupitia mtendaji wa kijiji chako au kata.
4. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji chako aandikwe kwenye daftari la wakaazi na wageni kabla hajalala kwako.
5. Ukibaki na shaka, nenda ofisi ya Uhamiaji ya wilaya ukaulize. Kuuliza si kosa.

ONYO. Barua ya mtendaji inamtambulisha mtu. Haimpi mgeni ruhusa ya kufanya kazi. Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na hata diwani hawana mamlaka ya kutoa kibali cha kazi. Anayekuuzia "karatasi ya kijiji" ili mgeni apalilie kwako anakula fedha yako na kukuachia kosa.

PILI: JE, KAZI YAKO INAWEZA KUPEWA MGENI?

Wengi husema sisi sote ni Afrika Mashariki na mipaka imekwisha. Haiko hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010 na inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi ilitaja aina za kazi ilizozifungulia milango. Tanzania ilitaja taaluma na ufundi fulani. Kibarua wa kuchuma, kulima na kuchunga hayumo.

Sheria ya 2015 inakwenda na fikra hiyohiyo. Mwajiri anayeomba kibali lazima amridhishe Kamishna wa Kazi kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi unaotakiwa na hakumpata, na aoneshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Ni vigumu kumshawishi Kamishna kwamba Karagwe na Kyerwa nzima hakuna anayejua kuchuma kahawa.

*Kisanduku: Itazame kazi yako*

- Kuchuma kahawa, kupalilia, kuweka matandazo, kuchunga, kubeba mizigo, kuchimba bati: usitarajie kibali kwa mgeni. Ajiri Mtanzania.
- Fundi wa mashine ya kukoboa, kutoka Mbarara kwa mfano, anayekuja kwa wiki mbili: inawezekana, kwa kibali cha muda mfupi kinachoombwa kabla hajaanza kazi.
- Mtaalamu wa ubora wa kahawa, daktari wa mifugo, mhandisi, mwalimu wa sayansi: inawezekana, kwa kibali cha kazi na kibali cha ukaazi.
- Mkimbizi aliyesajiliwa: kwa kawaida anatakiwa kuishi kambini, na hatoki bila ruhusa. Sheria imeweka kibali chake cha pekee, lakini usimchukue kambini au njiani kwa makubaliano yenu wawili.
- Mgeni aliyeingia kwa matembezi au kumsalimia ndugu: mhuri wa matembezi si ruhusa ya kazi, hata ya siku moja.

TATU: KWA KAZI ZA MSIMU, WATAFUTE WATANZANIA MAPEMA

Shida kubwa ya mashamba yetu ni kutafuta watu siku kahawa imeshaiva. Siku hiyo unamkubali yeyote anayepita. Anza miezi miwili kabla.

1. Hesabu mahitaji. Una miche mingapi? Mtu mmoja huchuma madebe mangapi kwa siku katika shamba lako? Tumia rekodi ya mwaka jana.
2. Tangaza kupitia chama cha msingi. Vyama vilivyo chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, vinawakutanisha wakulima wa wilaya zote mbili. Wakulima ambao kahawa yao huiva kwa kupishana wanaweza kukodi kundi moja la wachumaji na kulizungusha.
3. Tafuta makundi ya Watanzania kutoka nje ya wilaya, hasa Ngara, Biharamulo na Kigoma. Ongea na kiongozi wa kundi, lakini kubaliana malipo na kila mtu, na kila mmoja apokee fedha yake mkononi mwake.
4. Panga malazi na chakula kabla hawajafika. Kundi linalolala pakavu na kula mchana hurudi mwaka unaofuata.
5. Panga bei inayomlipa mtu. Ukweli usemwe: wengi tunawapendelea wageni wasio na vibali kwa sababu wanakubali kidogo. Bei hiyo ndogo imejengwa juu ya hofu yao, na inawanyima pia vijana wetu kazi ya kuwatosha.

NNE: KWA MTAALAMU AU FUNDI WA KIGENI, FUATA NJIA HII

Kwa kazi za muda mrefu, vibali ni viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Kimoja hakitoshi.

1. Tangaza nafasi kwa Watanzania kwanza na utunze ushahidi: tangazo, orodha ya walioomba, sababu za kutowachukua.
2. Andika mkataba unaotaja kazi, muda na malipo.
3. Kusanya nyaraka zako: namba ya mlipakodi, leseni ya biashara au usajili wa kampuni au chama, na barua inayoeleza kwa nini unamhitaji mtu huyu.
4. Kusanya nyaraka zake: nakala ya pasipoti, picha, wasifu na vyeti vya ujuzi.
5. Andaa mpango wa urithishaji. Mtaje Mtanzania atakayejifunza, atajifunza nini, na kwa muda gani.
6. Chagua daraja sahihi. Sheria imepanga vibali vya kazi katika madaraja matano: A kwa wawekezaji, B kwa taaluma maalumu zilizotajwa, C kwa taaluma nyingine, D kwa taasisi za dini na za hisani, E kwa wakimbizi.
7. Tuma maombi kwa mfumo wa mtandaoni wa serikali na ulipe ada kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie.
8. Subiri. Maombi yaliyopokelewa si kibali. Mtu haanzi kazi kwa risiti.
9. Weka kumbukumbu ya tarehe ya mwisho. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, kinaweza kuhuishwa, lakini jumla ya muda wake ina kikomo.

*Kisanduku: Kazi isiyozidi siku 90*

Kanuni za Soko la Pamoja zinasema raia wa nchi mwanachama mwenye mkataba usiozidi siku 90 huomba pasi maalumu badala ya kibali kamili, mradi kazi yake iwe miongoni mwa zile nchi ilizozifungulia. Nenda Uhamiaji na mkataba mkononi kabla fundi hajavuka mpaka wa Murongo au Mutukula. Kumbuka pia kwamba Tanzania haikuingia katika mpango wa 2014 ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wasafiri kwa kitambulisho cha taifa. Fundi wako aje na pasipoti au hati ya safari inayotambuliwa.

ONYO. Kibali cha kazi hufungwa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa. Huwezi kumwazima jirani mtaalamu wako, na mgeni mwenye kibali cha mwajiri mwingine hawezi kuja kwako Jumamosi kujiongezea kipato.

TANO: AKISHAAJIRIWA, MTENDEE KWA HAKI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na utaifa umetajwa wazi miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Mgeni mwenye kibali na Mtanzania wanaofanya kazi moja wanastahili haki zilezile.

- Saa: zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, kwa siku sita. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na hulipwa mara moja na nusu.
- Mshahara: Amri ya Mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Muulize Afisa Kazi kiwango cha sasa kabla hujapanga bei.
- Ajali: jisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara. Panga na ngazi vinajeruhi kila msimu.
- Watoto: chini ya miaka 14 asiajiriwe. Chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari, kama kupulizia dawa au kuingia shimoni. Kijana wa miaka 12 anayechunga ng'ombe zako ni mtoto, awe wa Kyerwa au wa Burundi.
- Nyaraka: zitazame, chukua nakala, mrudishie palepale. Kumshikilia mtu pasipoti au kitambulisho "asitoroke" ni kumfunga.

*Kisanduku: Mfano wa mapatano ya kazi maalumu*

> Mimi ________, mwenye shamba kitongoji cha ________, nimekubaliana na ________, kitambulisho namba ________, achume kahawa katika shamba langu kuanzia tarehe ____ hadi ____. Malipo ni shilingi ____ kwa debe lililojaa hadi ukingoni, na yatalipwa kila Jumamosi mchana, shambani, kwa mkono wake. Chakula cha mchana ni juu ya mwajiri na hakikatwi kwenye malipo. Vifaa ni vya mwajiri.
> Saini au dole gumba: ________ / ________ Shahidi: ________

Zingatia maneno "hadi ukingoni". Ugomvi mwingi wa msimu hutokana na debe: mwajiri anataka la kilele, mchumaji anahesabu la ukingoni. Wekeni debe la mfano mbele ya wote siku ya kwanza.

Daftari nalo ni rahisi. Debe likimwagwa kwenye turubai, piga mstari mbele ya jina la mchumaji huku anaona. Jioni isomeni hesabu kwa sauti, kila mmoja atie saini au dole gumba, naye abaki na karatasi yake yenye hesabu ileile. Hapo hakuna anayemdhulumu mwenzake.

SITA: KAMA TAYARI UNA KIBARUA ASIYE NA KIBALI

1. Simamisha kazi, mlipe stahiki yake yote. Lipa mbele ya shahidi. Usikate "gharama za kumficha" wala chakula alichokula.
2. Usimfiche wala usimsafirishe mwenyewe kwenda mpakani. Nia yako inaweza kuwa njema na bado ukashtakiwa.
3. Mweleze waziwazi, kisha uende naye Uhamiaji wilayani mkaelezwe utaratibu. Kama una hofu, tafuta kwanza ushauri wa wakili au kituo cha msaada wa kisheria.
4. Msikilize kama amekimbia hatari. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie nchini, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Mpeleke kwa mtendaji siku hiyohiyo. Kwake hiyo inaweza kuwa habari ya kufa na kupona.
5. Usimwite ofisa ili ukwepe malipo. Mlipe kwanza.

MAKOSA YANAYORUDIWA

- "Ni wa siku tatu tu." Sheria haina msamaha wa kibarua wa siku tatu.
- "Ameletwa na dalali, yeye ndiye mwajiri." Anayempangia kazi na kumlipa ni wewe.
- "Ameoa hapa." Ndoa na Mtanzania haimfanyi mtu raia papo hapo. Aombe hadhi yake kwa utaratibu.
- "Amekaa miaka kumi." Miaka ya kukaa bila kibali haigeuki kibali.
- "Nitamlipa mwisho wa msimu." Malipo ya mbali ndiyo chanzo cha dhuluma na cha vibarua kutoroka. Lipa kila wiki.

ORODHA YA UKAGUZI

☐ Nimehakiki uraia kwa nyaraka, si kwa lafudhi.
☐ Kila anayelala kwangu ameandikwa kwa mwenyekiti wa kitongoji.
☐ Kila mgeni anayefanya kazi kwangu ana vibali vinavyotakiwa, kwa jina langu na kwa kazi hii.
☐ Nimepanga na kuandika bei na siku ya malipo.
☐ Hakuna mtoto kwenye orodha yangu.
☐ Daftari la debe na nakala za wachumaji zipo.
☐ Nimejisajili WCF, na sanduku la huduma ya kwanza liko shambani.
☐ Nina namba za simu za mtendaji, Uhamiaji wilaya na Afisa Kazi wa mkoa.

Ukitokea mgogoro wa malipo au wa kuachishwa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapatikana Bukoba. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mwambie mfanyakazi wako haki hiyo ipo. Mwajiri mwenye daftari safi hana sababu ya kuificha.

Wiki hii, kabla ya jambo jingine lolote, fanya mawili: hesabu watu unaowahitaji msimu ujao, na upeleke hesabu hiyo kwenye mkutano wa chama chako cha msingi. Wakulima kumi wakipanga pamoja mapema watapata wachumaji halali kwa bei inayoeleweka. Mmoja anayehangaika peke yake wakati kahawa imeshaiva ndiye anayejikuta kwenye njia ya panya.